Paneli ya kioo ama ya kupinda? Kabla hujabonyeza PIN, soma hii

Jumamosi moja nilikuwa kwa kinyozi pale Raila, Kibera, nikingoja zamu yangu, wakati mwenye duka aliponipa simu yake. "Cheki hii halafu uniambie kama naibiwa."

Kwenye skrini kulikuwa na picha ya paneli ya sola nyembamba kama kartoni, mtu ameishika kwa mikono miwili na kuipinda kama mkeka. Chini yake imeandikwa: wati 300, kilo mbili tu, shilingi 9,500, lipa nusu sasa tukutumie popote Kenya. Namba ya kulipia ilikuwa ya simu ya mtu, si till, si paybill.

Paneli hiyo hakuitaka kwa duka lake. Ana ndugu yake mkubwa kule Mbita, Homa Bay, mwenye mashua ya tanga inayovua omena. Kwa miezi saba ndugu hawa wawili wamekuwa wakiweka pesa kidogo kidogo kwa simu, huyu wa kunyoa anatoa hapa, yule wa ziwani anatoa kule, na siku hiyo walikuwa wamefikisha shilingi 14,000. Omena huvuliwa usiku kwa taa. Taa zikizima, samaki hawaji, na wavuvi wanarudi na nyavu tupu. Mkubwa amechoka kulipa kila siku kuchajishiwa betri na mtu mwingine. Akasema: nitafutie sola, nisimamie stima yangu mwenyewe.

Kinyozi aliipenda hii ya kupinda kwa sababu moja ya maana kabisa: inaingia kwa buti ya basi bila kuvunjika. Ile ya kioo, ukiipakia Machakos Country Bus usiku, unaomba Mungu mpaka Mbita.

Unaweza kuuliza kampuni ya malipo ya simu inatafuta nini kwenye mambo ya sola. Jibu ni rahisi. Mtu akishatuma pesa na mzigo ukawa takataka, ni sisi anatupigia. Na mara nyingi tatizo halikuwa kwa malipo. Lilikuwa kwa kitu chenyewe, na lingeonekana kwa macho na futi ya fundi cherehani kabla ya PIN kuguswa.

Tofauti yao ni nini hasa

Ndani, zote mbili mara nyingi ni kitu kimoja: vipande vyembamba vya silikoni vinavyogeuza mwanga kuwa stima. Tofauti iko kwa nguo vilizovaa. Paneli ya kioo imefunikwa kioo kigumu juu, na fremu ya aluminiamu pembeni. Ya wati 100 ina uzani wa kilo sita hadi nane hivi. Ile ya kupinda imevaa plastiki juu na chini, na ya wati 100 haizidi kilo mbili au tatu.

Sasa sikiliza vizuri hapa, kwa sababu ndipo watu wengi hudanganyika. Ile silikoni ndani ya paneli ya kupinda bado ni kitu cha kuvunjika. Plastiki ndiyo inapinda. Ukiipinda kidogo mara moja, ukaifunga kwa paa lenye mviringo, iko sawa. Ukiikunja na kuikunjua kila siku, ama mtu akiikanyaga, vipande vya ndani vinapata nyufa ndogo ambazo macho hayaoni. Paneli inaendelea kung'ara, lakini stima inapungua mwezi baada ya mwezi. Kwa hivyo yule jamaa wa picha, anayeipinda kama mkeka ili kukuonyesha ni imara, anaiharibu mbele yako.

Plastiki nayo si moja. Kuna ya bei ya chini inaitwa PET, ambayo jua huigeuza manjano na kuibambua ndani ya miaka michache. Kuna ETFE, ngumu zaidi, inavumilia jua muda mrefu, na bei yake inapanda. Muuzaji asiyejua anauza ipi, usimlaumu sana, lakini pia usimlipe. Paneli za kioo za kampuni zinazojulikana huja na dhamana ya uzalishaji ya miaka 25. Za kupinda, dhamana huwa fupi zaidi kwa mbali. Mtengenezaji anajua kitu chake, na muda wa dhamana anayotoa unakuambia mengi kuliko tangazo lake.

Mabati yangu ya Kawangware

Haya ya joto siyasemi kwa kusoma tu. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa nimepanga chumba Kawangware, karibu na 56, na nikanunua paneli ya kupinda ya wati 100. Niliona nimekuwa mjanja: nyumba ni ya watu, nikihama naikunja naenda nayo. Nikaigundisha juu ya mabati kwa gundi nzito, bila nafasi yoyote chini.

Miezi ya kwanza, raha. Halafu ikaanza kuwa na madoa ya kahawia, kama chapati iliyoachwa kwa moto. Mwaka ulipoisha ilikuwa inatoa nusu ya stima. Na siku ya kuhama ndipo nilicheka kwa uchungu: gundi ilikuwa imeshika mabati kabisa, na nilipoivuta ilipasuka katikati. Nilinunua kitu cha kubebeka nikakifanya sehemu ya nyumba ya landlord.

Kosa lilikuwa langu. Paneli hupimwa kiwandani ikiwa na joto la nyuzi 25. Kila nyuzi moja juu ya hapo, inapoteza karibu asilimia 0.4 ya nguvu. Tuseme paneli iliyolala juu ya mabati saa saba mchana imefika nyuzi 70. Hiyo ni nyuzi 45 za ziada, mara 0.4, unapoteza asilimia 18. Paneli ya wati 100 sasa ni ya wati 82. Ukiinua ile ya kioo kwa vyuma, upepo upite chini yake, ikabaki kwenye nyuzi 50, unapoteza asilimia 10, unabaki na 90. Wati nane zinaonekana kidogo, lakini kwa saa tano za jua zuri ni kama wati-saa 40, yaani simu moja na nusu hivi zimejaa. Kwa mtu anayechajishia watu simu kwa shilingi 20, hiyo ni pesa inayopotea kila siku. Na joto halipunguzi stima ya leo tu, linazeesha plastiki pia.

Kwa hivyo kwa nyumba ya kupanga, jibu langu linashangaza watu: chukua ya kioo. Inafungwa kwa bolti nne, inafunguliwa kwa spana, unahama nayo. Uliza landlord ama caretaker kwanza kabla hujatoboa mabati yake, na jibu lake likija kwa SMS, liweke. Paneli iinamishwe kidogo, nyuzi 10 hadi 15 zinatosha. Huku kwetu Ikweta jua linapita karibu na utosi, ule mwinamo ni wa kuwezesha mvua kuosha vumbi. Na Kibera hatukosi vumbi.

Mtu anayetegemea stima ya kusambaziwa, inayokatika wakati wowote na waya zake zinapita juu ya mabati ya jirani, ana sababu ya ziada ya kutaka sola. Lakini usiunganishe hizo mbili kwa waya moja. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EPRA.

Na mashua je?

Tulirudi kwa mashua. Kinyozi alikuwa amekata shauri kwamba chombo cha majini kinahitaji paneli nyepesi, isiyo na kioo. Na kwa kweli duniani kote wenye mashua za tanga hubishana juu ya hili. Wanaopenda za kupinda wana hoja: mashua haina sehemu tambarare nyingi, uzito ukikaa juu chombo kinayumba, na kona kali za fremu hunasa kamba na kupasua tanga. Ukiwa na turubai ya kivuli yenye mviringo juu ya mashua, paneli ya kupinda inakaa hapo vizuri kuliko kitu kingine chochote. Hata kwa paa la tuktuk, ama mwavuli wa mkokoteni wa smokie, ningechagua hiyo.

Lakini mashua ya omena si boti ya kitalii. Nilimwomba kinyozi ampigie ndugu yake, tukaweka spika.

"Ndugu, hiyo paneli utaiweka wapi?" kinyozi akauliza.

"Mbele, pale kwa ubao."

"Mnapovuta nyavu mnasimama wapi?"

Kimya kidogo. "Hapo hapo."

"Sasa si mtaikanyaga?"

"Omera, wewe ulisema inapinda, haivunjiki!"

Halafu kuna tanga. Kivuli cha tanga, ama hata cha mlingoti, kikipita juu ya kona moja ya paneli, hakipunguzi kona hiyo peke yake. Vile vipande vya silikoni vimefungwa kimoja nyuma ya kingine, kama watu wanaopitishiana ndoo za maji kwa mstari. Mmoja akisimama, mstari wote unasimama. Paneli nyingi zina dayodi za kuruka sehemu iliyo gizani, lakini bado unaweza kupoteza nusu nzima kwa kivuli kidogo. Kwenye mashua inayogeuka na upepo, kivuli hakitulii.

Yule mkubwa ndiye aliyetamka neno lililomaliza mjadala, na hakuwa hata anajaribu kumaliza mjadala. Alisema, "Lakini mchana mashua iko ufuoni. Tunaenda jioni."

Paneli hufanya kazi mchana, taa hufanya kazi usiku. Mchana mashua imevutwa nchi kavu, omena wamenikwa, betri zimetolewa. Paneli haina shughuli yoyote ndani ya maji. Kinachopaswa kusafiri ni betri na taa. Paneli ibaki kwa paa la banda, mahali haikanyagwi, haipigwi na kivuli cha tanga, na watu wa BMU wanapita wakiangalia ufuo. Ukishaitoa kwa mashua, ile hoja ya uzani imekwisha, na ya kioo inashinda kwa bei, kwa maisha marefu na kwa stima.

Ningekuwa naandikia mwenye jahazi la Lamu linalolala baharini wiki nzima, ningesema vingine. Huyo lazima abebe paneli yake, na chumvi ya bahari inakula viungo vya waya ambavyo maji baridi ya ziwa Viktoria hayavisumbui sana. Pengine angehitaji mbili: ya kioo juu ya fremu nyuma ya chombo, na ndogo ya kupinda juu ya turubai. Lakini nunua kwa ajili ya kazi yako, si ya mwenye jahazi.

Hesabu yao ilikuwa hivi. Taa tatu za LED za wati 10, saa nane usiku, ni wati-saa 240. Paneli ya wati 100 kwa saa tano za jua inatoa 500 kwa karatasi, lakini toa robo kwa joto, vumbi na waya, unabaki na kama 375. Inatosha, na siku ya mawingu haiui kazi mara moja. Betri ya kawaida ya asidi ya volti 12 haifai kushushwa chini ya nusu mara kwa mara, kwa hivyo wanahitaji angalau ampea-saa 40. Kati ya betri na paneli lazima kuwe na kontrola ya chaji, na fyuzi karibu na betri. Fundi akikuambia fyuzi si lazima, tafuta fundi mwingine.

Zile wati 300 sasa

Rudi kwa tangazo. Muuzaji alikuwa ameandika vipimo: mita 1.1 kwa mita 0.54. Zidisha, unapata kama mita ya mraba 0.6. Jua la adhuhuri likiwa kali hutoa karibu wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, na paneli nzuri hugeuza takriban moja ya tano ya hizo kuwa stima. Yaani wati 200 kwa mita ya mraba, ukiwa mkarimu 220. Sehemu yake 0.6 inatoa wati 120, basi, hata 130 ukimsaidia. 300 haiwezekani. Haijalishi imetoka wapi ama ina teknolojia gani mpya.

Hii hesabu ihifadhi kwa simu: urefu mara upana kwa mita, mara 200. Kama lebo inasema zaidi sana ya jibu lako, lebo inadanganya. Nyuma ya paneli pia kuna volti na ampea za kazi, na ukizizidisha zinapaswa kukupa wati zile zile. 18 mara 5.5 ni 99, hiyo ni paneli ya wati 100 ya kweli. Paneli ya volti 18 inayojiita wati 300 ingekuwa na karibu ampea 17, na waya wake haungekuwa mwembamba kama wa earphone.

Angalia pia alama ya KEBS. Namba ya kibali iliyo chini ya alama unaweza kuihakiki kwa SMS: andika SM# ikifuatiwa na namba hiyo, tuma kwa 20023.

Jinsi ya kulipa bila kulia

Tangu pesa za simu zianze hapa Kenya mwezi wa tatu 2007, tumezoea sana kutuma hata tukasahau kwamba kutuma ni kama kukabidhi noti mkononi. Ukimtumia mtu binafsi, akazima simu, umebaki na SMS na hasira. Mambo manne tulimwambia kinyozi, na tunakuambia wewe.

Lipa kwa till ama paybill ya duka, na usome jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Jina likiwa tofauti na la duka, simama hapo hapo, uliza. "Hiyo ni ya mke wangu" si jibu.

Mzigo uonekane kwanza. Hapa ndipo watu wa mbali hushindwa, lakini kuna njia. Mtu wako wa kule aende dukani kule. Anapima paneli kwa futi, anasoma lebo, inawekwa juani na kupimwa kwa mita ya fundi. Yeye akiridhika, anakutumia namba ya till, wewe unalipa ukiwa Raila, yeye amesimama kwa kaunta. Hakuna basi, hakuna kioo kuvunjika, hakuna nauli ya mzigo.

SMS ya malipo usiifute. Dukani omba risiti yenye namba ya paneli na muda wa dhamana, ipige picha. Risiti ya karatasi hufifia, na dhamana bila ushahidi wa siku uliyonunua ni maneno tu.

La mwisho ni kwa wanaofikiria kulipa pole pole. Mtindo huu umesaidia watu wengi. M-KOPA ilianza kuuza sola kwa malipo ya kila siku ya simu hapa Kenya mwaka 2012, na wengine wakafuata. Sisi hatuna ubaya nao. Lakini fanya hesabu yote kabla ya kusema ndiyo. Tuseme deposit ni 2,500 na kila siku 50 kwa mwaka mmoja. Hiyo 50 mara 365 ni 18,250, jumla 20,750. Sasa uliza bei ya pesa taslimu ya kitu kama hicho pale Luthuli. Tofauti ndiyo bei ya kusubiriwa. Inaweza kukufaa, kama bila hivyo ungekaa gizani ama ungeendelea kuchoma mafuta ya taa. Uliza tu pia: nikikosa siku tatu, taa zinazimwa? Nikimaliza, mtambo unafunguka kabisa ama nitahitaji code milele? Mvuvi ambaye taa zake zinaweza kufungwa kwa mbali usiku wa omena wengi anapaswa kujua hilo mapema.

Na kama kawaida, hakuna mtu wetu atakayekupigia kuuliza PIN. Ukiwa umetuma pesa mahali si pake, tupigie saa hiyo hiyo, usingoje kesho, kwa sababu pesa ikishatolewa kwa wakala hatuna cha kurudisha.

Walichonunua

Jumatano iliyofuata yule mkubwa alivuka kwenda Homa Bay mjini na futi mfukoni. Duka la kwanza alikataa, lebo ilisema wati 150 na hesabu ikasema 95. La pili alipata ya kioo ya wati 100, namba zikalingana. Kinyozi alilipa kwa till akiwa na mteja kitini, mashine mkono mmoja, simu mkono wa pili. Mteja alilalamika kidogo. Paneli, kontrola, waya na fyuzi viliwaachia shilingi 2,300 kwenye akiba. Betri wameazima ya binamu kwa sasa, na fundi amesema imechoka, itawapeleka miezi michache.

Kwa hivyo wameanza kuchanga tena. Mkubwa anaweka 100 kila usiku wenye omena, zile alizokuwa akilipa kuchajishiwa. Kinyozi anaweka 50. Anasema betri ikipatikana, zamu inayofuata ni ya paa la duka lake, na caretaker ameshajibu kwa SMS: sawa, lakini bolti zipigwe kwa mbao, si kwa mabati pekee.